Kashfa ya Marc Overmars

Kujiuzulu kwa Mholanzi Marc Overmars, mkurugenzi wa soka wa Ajax ya Amsterdam, tarehe 6 Februari 2022, baada ya kubainika kuwa kwa muda mrefu alikuwa akiwatumia wafanyakazi wenzake wa kike ujumbe usiofaa.

Overmars, winga wa zamani wa Arsenal na Barcelona, alishika wadhifa huo mwaka 2012. Kikazi hakuwa na mpinzani. Ajax ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, na mwaka huohuo Frenkie de Jong akauzwa Barcelona na Matthijs de Ligt Juventus, kila mmoja kwa ada ya awali ya euro milioni 75. Mkataba wa Overmars ulikuwa hadi 2026. Alikiri kuona aibu, akaondoka.

Ajabu ni kwamba hakukaa nje hata miezi miwili. Machi 2022 aliajiriwa na Royal Antwerp ya Ubelgiji, iliyotwaa ligi na kombe 2023. Wakati huo alikuwa bado hajapewa adhabu yoyote ya michezo. Novemba 2023 chombo cha nidhamu ya michezo Uholanzi kilimfungia miaka miwili, mmoja ukiwa wa masharti. Adhabu ya michezo ya nchi moja haivuki mpaka yenyewe, lakini Januari 2024 FIFA ikaieneza hiyo duniani kote. Pengo lake Ajax halikuzibika upesi: Sven Mislintat, aliyeletwa 2023 kusimamia usajili, alifukuzwa mwaka huohuo.