Swali, Wazo au Mashine

Mwaka 1963, wanafizikia wawili wa Dublin, padri Tom Burke na Tony Scott, walikuwa New Mexico, Marekani, wakichunguza pepo za anga za juu. Huko wakakuta maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, wakavutiwa nayo sana. Mwaka 1965 wakaandaa ya kwao katika jumba la Mansion House, Dublin. Mshindi wa kwanza, John Monahan, hakuleta chombo chochote kipya. Alieleza namna chakula kinavyosagwa tumboni mwa binadamu. Tangu siku hiyo Ireland ikawa inampima kijana kwa swali lake na jinsi alivyolifuatilia.

Uzito wa msimamo huo unaonekana kwa Sarah Flannery. Mwaka 1999, akiwa na miaka 16, alishinda maonyesho hayo kwa mfumo wa kihisabati wa kuficha ujumbe, wenye kasi kuliko mfumo wa RSA uliokuwa ukitumika. Baadaye ikabainika kwamba mfumo wenyewe unaweza kuvunjwa. Flannery akaueleza udhaifu huo waziwazi katika kitabu chake, In Code. Kwangu mimi, ukweli huo una thamani kuliko kombe alilopewa. Mashindano yanayodai mashine inayofanya kazi na si kingine yangemhesabu kuwa ameshindwa.

Utaratibu huo wa Ireland ulifika Tanzania mwaka 2011, Gosbert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania. Vijana wawili husimama mbele ya bango lao lenye dhana, njia, majedwali na hitimisho. Jaji anakaribia na kuuliza: mlipima mara ngapi? Mngejuaje kama mmekosea? Hapo mwalimu wao hawajibii. Kwa mwanafunzi aliyezoea kunakili notisi ubaoni, kutakiwa kutetea jambo alilolipima mwenyewe ni elimu ambayo mtihani wa taifa haumpi.

India wameshika njia nyingine. Taasisi yao ya kitaifa ya ubunifu, yenye makao Gujarat, huendesha mashindano ya IGNITE, na mtoto halazimiki kutengeneza chochote. Anapeleka wazo tu. Likionekana jipya na la manufaa, taasisi humsaidia kupata kielelezo kinachofanya kazi, na hataza huombwa kwa jina lake. Umaskini wa shule haumzuii mtoto kushinda, na hilo ndilo ninalolionea wivu zaidi.

Kwetu Tanzania, MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, yanataka kitu kinachoonekana, na yamefanya jambo jema sana kuwapa nafasi mafundi wa mtaani pamoja na wanafunzi. Lakini mota, betri na vyuma vinanunuliwa. Binti wa shule ya kata ambaye nyumbani kwao hata daftari ni mzigo atavitoa wapi?

Wa kumsaidia tunao. Vyuo vya ufundi vya VETA vina karakana za kuchomelea, umeme na useremala, na wanachuo wanaohitaji kazi halisi za kujifunzia. Wazo la binti huyo lililopita mbele ya majaji lingeweza kupelekwa chuo kilicho karibu, likatengenezwa hapo naye akiwepo, kisha maombi ya hataza yakapelekwa kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa jina lake, si la mwalimu wala la chuo.