Mitumbwi ya Vita na Barua ya Mfalme

Tukisoma historia ya bahari tunakutana na watu ambao Wafaransa waliwaita corsaires. Hawa hawakuwa maharamia wa kawaida. Walikuwa na majahazi na mizinga yao, lakini mkononi walishika barua ya mfalme au ya serikali yao iliyowaruhusu kuteka meli za adui na kugawana mali. Robert Surcouf wa Saint-Malo alikuwa mmoja wao: mwaka 1800 aliteka meli kubwa ya Waingereza, Kent, katika Bahari ya Hindi. Kwao alikuwa shujaa, kwa Waingereza mwizi. Mwaka 1856 mataifa ya Ulaya yalipatana Paris kuondoa desturi hiyo.

Sisi watu wa Kisangani tuko mbali na bahari, lakini mto wetu nao ulikuwa na jeshi lake. Mtumbwi wa vita ulichongwa katika gogo moja, na wapiga-kafi walisimama safu mbili. Ngoma ya kusema, ile lokole, ilipeleka habari toka kijiji hadi kijiji mbele ya mgeni yeyote.

Tarehe 1 Februari 1877, Stanley alifika mahali mto Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa, kule Basoko. Alihesabu mitumbwi 54 ikimjia. Ule mkubwa kupita yote ulikuwa na watu 40 kila upande, na nyuma waongozaji wenye makafi yaliyopambwa kwa pembe za tembo. Stanley alitia nanga, akapanga mitumbwi yake na mashua yake Lady Alice katika mstari, na bunduki zikalia. Kisha watu wake waliingia kijijini na kuchukua pembe. Katika kitabu chake aliwaita wenyeji wala-watu.

Miaka mingi baadaye, mzee Mojimba, aliyekuwa chifu kule, alimweleza padri Joseph Fraessle mambo yale kwa namna nyingine kabisa: walivaa nguo za sikukuu, wakaenda kumpokea mgeni. Tuseme wazi: kama tungekuwa na maneno ya Stanley peke yake, tungejua nusu tu ya siku ile.

Njia ikiisha kufunguliwa, Wangwana kutoka upande wa Nyangwe nao walishuka na bunduki. Walichukua mitumbwi ya wenyeji na kushambulia vijiji usiku. Mwaka 1883 Stanley, ambaye sasa aliitwa Bula Matari, aliporudi alikuta vijiji vimechomwa na kambi ya mateka ambao aliandika kuwa walikuwa 2,300. Mwisho wa mwaka huo alianzisha kituo hapa kwenye maporomoko. Mwaka 1886 Wangwana walikiteka.

Basi Léopold II alifanya nini? Mwezi wa Februari 1887, kule Unguja, Stanley alipatana kwa jina lake na Tippu Tip, bwana mkubwa wa Wangwana. Tippu Tip akawa wali wa Stanley Falls, mshahara paundi 30 kwa mwezi. Masharti yalikuwa kupandisha bendera ya Serikali ya Léopold na kuzuia utumwa. Biashara yake ya pembe aliendelea nayo. Miaka 31 baada ya Paris, mtu wa bunduki alipewa tena barua ya mfalme, safari hii juu ya mto wetu. Wenyeji, ambao hawakuwa na karatasi, ndio walioandikwa kama washenzi.

Jambo hili linatugusa hata katika kinywa. Kiswahili tunachosema sokoni, na ambacho tunaandikia kurasa hizi, kilifika hapa pamoja na mitumbwi ile. Hatukikatai, ni chetu sasa, watoto wetu wamezaliwa ndani yake. Lakini inafaa tujue kilipitia wapi. Kwa hiyo tunaomba vijana wanaokwenda Basoko, Isangi na Yangambi wawaulize wazee habari za mitumbwi ya zamani, na waziandike, hata katika daftari la shule. Habari za mzee Mojimba zilibaki kwa sababu kuna mtu alikaa chini akamsikiliza.