Mguu Ndio Uliopanga Pedeli: Safari ya Klachi, Breki na Mafuta

Kwenye maduka ya vipuri na urembo wa magari, pedeli za alumini zenye matundu hupangwa pamoja na vifuniko vya usukani na taa za rangi, na wanunuzi wengi huzichagua kwa mng'ao wake. Historia ya pedeli inatufundisha kigezo kingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja, umbo la pedeli, nafasi yake na urefu wake vimebadilika kila mguu wa dereva ulipopewa kazi mpya au ulipokosea kazi ya zamani. Kwa sababu hiyo, pedeli yoyote, iwe ya kiwandani au ya kuongezewa, ihukumiwe kwa jambo moja: je, mguu unaifikia bila kutazama na kuikanyaga kwa kipimo unachotaka?

Hapo mwanzo hapakuwa na utaratibu mmoja. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1908 na 1927, ilikuwa na pedeli tatu, lakini dereva wa leo akiikalia asingeweza kuiondoa. Pedeli ya kushoto ilikuwa ya gia: ukiikanyaga hadi chini gari linakwenda kwa gia ndogo, ukiiachia linaingia gia kubwa. Ya katikati ilikuwa ya kurudi nyuma, na ya kulia ilikuwa breki. Mafuta yaliongezwa kwa mkono, kwa wenzo mdogo chini ya usukani. Cadillac Type 53 ya mwaka 1916 ndiyo iliyoleta mpango tunaoujua, klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, na Austin 7 ya Uingereza ikausambaza kuanzia 1922. Hata hivyo, magari ya mashindano hayakuufuata mara moja. Maserati 250F, ambayo Juan Manuel Fangio aliiendesha mwaka 1957 kutwaa ubingwa wake wa tano wa dunia, ilikuwa na pedeli ya mafuta katikati na breki kulia.

Mpango huo ulipokubalika, madereva wa mashindano walikabiliwa na tatizo lililohitaji miguu mitatu. Gari linapokaribia kona kwa kasi, dereva anatakiwa kufunga breki, kukanyaga klachi na kushusha gia kwa wakati mmoja. Akiachia klachi wakati injini inazunguka polepole kuliko gia mpya inavyodai, magurudumu yanayoendeshwa na injini hukabwa ghafla, na gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma huweza kuserereka. Suluhisho lilikuwa mguu mmoja kufanya kazi mbili: sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia inabaki kwenye breki bila kulegea, huku kisigino au ubavu wa unyayo ukigusa mafuta mara moja ili injini ipande. Sinkromeshi, iliyoanza kwenye Cadillac mwaka 1928, haikuondoa haja hiyo, kwa kuwa inalinganisha mwendo wa meno ya gia ndani ya sanduku, si mwendo wa injini na magurudumu. Hapa ndipo bamba la kuongezewa, linalofungwa juu ya pedeli, linapopata uhalali wake. Breki ikishakanyagwa kwa nguvu, inatakiwa kuwa karibu usawa mmoja na pedeli ya mafuta. Ikibaki juu sana au mbali sana, mguu hauwezi kuvuka.

Waskandinavia nao walileta mbinu yao. Erik Carlsson wa Sweden, aliyeshika nafasi ya pili katika Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1964, aliendesha Saab yenye injini ndogo isiyo na nguvu za kupoteza. Alitumia mguu wa kushoto kufunga breki huku wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta, injini isishuke na sehemu ya nyuma ya gari igeuke kwa urahisi kwenye kona. Kwa dereva ambaye mguu wake wa kushoto umezoea klachi tu, jaribio la kwanza hufunga breki kwa kishindo, maana mguu huo haujajifunza kipimo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepitwa na wakati. Ferrari 640 ya mwaka 1989 ilihamishia ubadilishaji wa gia kwenye vidole nyuma ya usukani, na magari mengi ya mitaani leo ni ya otomatiki. Ni kweli kazi ya mguu imepungua, lakini uzito wa kosa haukupungua. Miaka ya 1980, magari ya Audi 5000 yalishutumiwa Marekani kwa kuondoka yenyewe kwa kasi. Ripoti ya mamlaka ya usalama barabarani ya mwaka 1989 ilieleza kuwa chanzo kikuu kilikuwa madereva kukanyaga mafuta wakidhani ni breki. Kufuli linalomlazimu dereva kukanyaga breki kabla ya kutoa gia ya kuegesha lilienea kutokana na sakata hilo. Mwaka 2009 Toyota nayo iliyaita magari mengi yarudi kurekebishwa kwa sababu mkeka wa sakafuni uliweza kuikwamisha pedeli ya mafuta. Kitu chepesi kama mkeka kilitosha kuleta hatari.

Wengine hudai kuwa pedeli za kiwandani hazihitaji kuguswa kamwe. Kwa mwendo wa kawaida, hoja hiyo ina nguvu, na dereva wa daladala au wa familia hana sababu ya kuzibadilisha. Lakini kiwanda hutengeneza kwa ajili ya mguu wa wastani, na anayeshindana kwenye rali au uwanja wa mashindano ana haki ya kupanga pedeli zake upya. Masharti ni kwamba bamba lifungwe kwa boliti badala ya gundi, lisiteleze soli ikiwa na maji au tope, na lisiipeleke pedeli ya mafuta karibu na breki kiasi cha kukanyagwa zote mbili bila kukusudia. Bamba lisilotimiza masharti hayo linaharibu mpango uliochukua vizazi kukamilika, na halifai kuwa chini ya mguu wa yeyote anayebeba abiria.