9 Nyekundu: Bastola ya Mauser C96

Bastola ya C96 ya kiwanda cha Mauser, Oberndorf, Ujerumani, kwa kawaida ilitumia risasi za milimita 7.63. Mwaka 1916 jeshi la Prussia liliagiza 150,000 za milimita 9. Askari asije akachanganya risasi, tarakimu 9 ilichongwa kwenye mbao za mpini, pande zote mbili, ikapakwa rangi nyekundu.

Leo 9 hiyo hupandisha bei, nayo ndiyo rahisi kughushi: mbao za mpini zimeshikwa na skrubu moja tu. Kwa hiyo usianzie hapo. Tazama uso wa mbele wa kasha la risasi. Tai mdogo aliyegongwa kwenye chuma ni alama ya kupokelewa jeshini. Pima mtutu. Urefu wa asili ni milimita 140. Ukiwa 99, yamkini ulifupishwa kufuata Mkataba wa Versailles wa 1919, na hilo kwetu wakusanyaji ni ushahidi, si dosari.

Kisha namba. Za oda hii zilianza upya na 1, kwa hiyo 9 nyekundu kwenye bastola ya namba ya laki tatu na ushei inatia shaka. Namba hurudiwa kwenye vipande vidogo pia. Zisipolingana, kuna kilichobadilishwa.