Kutoka Shule ya Wachimbaji hadi Shule ya Migodi: Historia ya Saint-Étienne

Katika historia ya elimu ya ufundi nchini Ufaransa kuna majina mawili yanayokaribiana sana, hata msomaji wa haraka huyachanganya: École des mines na École des mineurs. La kwanza lataja migodi. La pili lawataja wachimbaji, yaani watu wenyewe. Shule ya Saint-Étienne ilizaliwa na jina la pili, kisha ikavikwa la kwanza. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba badiliko hilo la neno moja halikuwa pambo tu. Lilibeba swali ambalo kila nchi yenye madini hukutana nalo: elimu ya mgodi ni ya nani?

Shule ya kwanza ya migodi ilianzishwa Paris mwaka wa 1783, chini ya mfalme Louis XVI. Shabaha yake ilikuwa kuwaandaa watumishi wa dola, wenye kukagua migodi na kuishauri serikali. Mwaka wa 1802, serikali ya Bonaparte iliihamishia Pesey, katika milima ya Savoie, ili wanafunzi wajifunze kando ya mgodi wenye risasi na fedha. Lakini vita vikageuka. Mwaka wa 1814 Ufaransa ilipoteza sehemu hiyo ya Savoie, na mafunzo yakarudi Paris, mbali na mashimo.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na amri ya kifalme ya tarehe 2 Agosti 1816, iliyounda École des mineurs huko Saint-Étienne, mji ulioketi juu ya makaa ya mawe. Aliyekabidhiwa kazi hiyo ni mhandisi Louis-Antoine Beaunier, ambaye baadaye alihusika pia na njia ya reli ya kwanza ya Ufaransa, kati ya Saint-Étienne na Andrézieux, iliyofunguliwa mwaka wa 1827. Tofauti na ile ya Paris, shule hii haikukusudiwa kuzaa wakubwa wa serikali. Ilitakiwa itoe wasimamizi wa mashimo na wa viwanda vya chuma, watu wa kusimama kati ya mhandisi na mchimbaji, katika cheo kinachokaribiana na kile ambacho wazee wetu wa Katanga walikiita kapita.

Je, shule iliyowekwa chini ilizaa matunda ya chini? Historia yakanusha. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwapo Benoît Fourneyron, mzaliwa wa mji huohuo. Mwalimu wake, Claude Burdin, alitafuta jina la mtambo wa kuzungushwa na maji, akalichukua kutoka Kilatini, *turbo*, lenye maana ya kitu kizungukacho kwa kasi, kama pia au kisulisuli. Mwalimu alitoa neno. Mwanafunzi akakitoa kitu chenyewe. Mwaka wa 1827 Fourneyron aliunda turbini iliyofanya kazi kweli, na mwaka wa 1833 akapewa tuzo ya faranga 6.000. Neno hilo limefika hadi kwetu: katika maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, turbini zilianza kuzalisha umeme kwa ajili ya migodi ya Katanga mwaka wa 1930.

Mfano wa pili ni Henri Fayol, aliyehitimu mwaka wa 1860 akiwa na umri wa miaka 19, akaenda moja kwa moja kwenye machimbo ya Commentry kupambana na moto uliokuwa ukiwaka ndani ya tabaka za makaa. Mwaka wa 1916, baada ya kuongoza kampuni kwa miaka mingi, alichapisha uchambuzi wake wa uongozi wa kazi katika jarida la chama cha wataalamu wa madini, ambacho Louis Gruner, mkuu wa shule ya Saint-Étienne, alikianzisha mwaka wa 1855. Humo Fayol alilalamika kwamba shule za uhandisi zimezidisha hisabati na kusahau kufundisha uongozi. Kwa maoni yake, kila mfanyakazi, hata wa ngazi ya chini, ahitaji sehemu yake ya elimu hiyo.

Hata hivyo, wakati huo shule yenyewe ilikuwa imekwisha kupanda. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa ikiwatoa wahandisi wenye diploma, na jina la wachimbaji likaachwa. Kazi yake ya awali ilikuwa imepewa wengine: shule ya Alès, iliyoamriwa mwaka wa 1843, na ile ya Douai ya mwaka wa 1878, zote kwa ajili ya mafundi wakuu wa migodi. Nazo pia, katika karne ya 20, zikawa shule za wahandisi. Mara tatu njia ni ileile: shule huanzia shimoni, hupanda, na nafasi iliyoiacha chini hubaki wazi. Wakati huohuo hatari ya shimo haikupanda na mtu. Mwaka wa 1876 mlipuko katika mgodi wa Jabin, huko Saint-Étienne, uliwaua watu 186.

Leo makaa ya mawe hayachimbwi tena huko. Shimo la Couriot lilifungwa mwaka wa 1973, likageuzwa kuwa makumbusho. Shule ingali hai, nayo hufundisha hata elektroniki. Neno *mines* limebaki katika jina lake kama mwangwi.

Sisi tunaoishi juu ya shaba tusiisome historia hii kama hadithi ya watu wa mbali. Si vibaya shule ikipanda. Fourneyron na Fayol ni ushahidi kwamba kilichopandwa karibu na shimo chaweza kufika mbali. Lakini nchi iwe na busara ya kuuliza, kila shule inapobadilisha jina: mchimbaji aliyetajwa jana atafundishwa wapi kesho?