Ugonjwa Uliobaki Shule Zilipofunguliwa

Habari za ugonjwa wa korona mwazijua, maana ni vijiji vichache mno ambavyo havikuzisikia. Walakini iko sehemu moja isiyosimuliwa sana, nayo ni habari ya mioyo ya watoto wetu wa shule. Sisi walimu twaona vema kuiandika, isije ikasahauliwa.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kuwa ugonjwa huo umekuwa tauni ya ulimwengu. Kabla mwezi ule haujakwisha, shule za Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimefungwa. Tanzania shule zote zilifunguliwa kabla ya Julai mwaka ule ule. Kenya madarasa machache yalirudi mwezi wa Oktoba, na mengine tarehe 4 Januari 2021. Lakini watoto wa Uganda walingoja kupita wote. Wa madarasa ya mitihani walirudi Oktoba 2020, wengine wakafuata kwa zamu. Kisha shule zikafungwa tena Juni 2021, wala hazikufunguliwa zote hata tarehe 10 Januari 2022. Watoto karibu milioni 15 walipatwa na jambo hilo.

Ugonjwa wenyewe haukuua watoto kama ulivyoua wazee. Basi watu wakadhani watoto wamesalimika. Kumbe mtoto aliyezoea kengele, wenzake na mwalimu wake alijikuta hana siku wala saa. Masomo yalitangazwa kwa redio, lakini nyumba nyingi hazikuwa na redio. Wengine walikwenda kutafuta vibarua. Wasichana wengine wakawa mama kabla ya wakati wao. Tena wako waliozika babu au bibi pasipo matanga, maana watu walikatazwa kukusanyika, na huzuni isiyoliliwa haiondoki upesi. Wakaingiwa na hofu, wakakosa usingizi, wakawa wepesi wa hasira. Nasi nyumbani tukauita ugonjwa huo uvivu na ukaidi.

Hata shule zilipofunguliwa, haraka ikatawala. Kenya mihula ilifupishwa na likizo zikapunguzwa, ili wakati uliopotea ulipwe. Mwishoni mwa 2021 mabweni kadha wa kadha yaliteketezwa kwa moto, na wanafunzi wakashitakiwa. Sababu zilikuwa nyingi, wala si moja. Walakini watu wengi walitaja uchovu wa masomo yale ya mbio. Nasi walimu hatuwezi kunawa mikono. Mtoto alipoingia darasani tulimwuliza, “Umefika wapi katika hesabu?” Ni wachache wetu waliomwuliza, “Ulikaaje siku zile zote?”

Tukumbuke nabii Eliya alipokimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akitaka kufa. Malaika hakumkemea, wala hakumpa kazi kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, maana safari ilikuwa kubwa. Baadaye, huko mlimani, Bwana alimwuliza habari zake, akamsikiliza. Ndipo akampa kazi. Huo ndio utaratibu tuliougeuza sisi, tukatanguliza kazi na kusahau mkate.

Tauni hiyo haikuwa ya kwanza duniani, na huenda isiwe ya mwisho. Wazee wetu walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Basi mtoto akinyamaza kupita desturi yake, akikataa chakula, au akisema kwamba heri asingalizaliwa, tusingoje. Mzazi aketi naye, mwalimu amsikilize, kisha apelekwe hospitali kama vile angepelekwa kwa homa. Kusali ni vema sana, na kumwendea daktari si upungufu wa imani.

Madaftari yaliyobaki matupu siku zile twaweza kuyajaza hata leo. Lakini mtoto aliyezimika moyo hatamjaza mtu kwa chaki.