Hakina Jina, Hakina Saini: Nani Alitengeneza Hiki Chombo cha Maua?

Chukulia umekutana na chombo cha maua cha kioo cha zamani, kizito, rangi ya chungwa kali kama Fanta. Unakigeuza chini: hakuna jina, hakuna saini, hakuna hata namba. Muuzaji anataka hela ya chai tu. Wengi wangekiacha hapo hapo. Lakini Uingereza kuna watu wanaokiangalia mara moja tu na kujua kwamba kinaweza kuuzwa kwa mamia ya pauni. Wanajuaje?

Jibu lipo kwenye kiwanda cha Whitefriars. Kilianza karne ya 17 katikati ya London, kwenye eneo ambalo zamani lilikuwa la watawa wa majoho meupe, na jina likatoka huko. Mwaka 1834 kilinunuliwa na James Powell, mwaka 1923 kikahamia Wealdstone pembeni ya jiji, na mwaka 1980 kikafungwa moja kwa moja.

Ishu ni kwamba vyombo vingi vilitoka kiwandani bila jina kwenye kioo chenyewe. Vilibandikwa stika ndogo ya karatasi yenye picha ya mtawa, basi. Sasa karatasi na maji wapi na wapi? Chombo kikioshwa mara mbili tatu, stika imekwenda na jina limekwenda nayo.

Ndiyo maana wajuzi wanaanza na umbo. Mwaka 1954 kiwanda kilimwajiri mbunifu kijana, Geoffrey Baxter, aliyetoka chuo cha Royal College of Art. Jamaa alikuwa mtundu. Kwenye kalibu zake za majaribio alipanga magome ya miti, misumari, waya na matofali, kioo cha moto kikapulizwa humo na kutoka na mikwaruzo na mabonde yale yale. Vyombo hivyo viliingia sokoni mwaka 1967. Kimoja kinaonekana kama matofali yaliyopangwa yakapishana, watu wakakiita Drunken Bricklayer, kwamba fundi ujenzi alikuwa amelewa siku hiyo!

Baada ya umbo wanafungua katalogi za kiwanda. Kila chombo kilikuwa na namba yake na kipimo chake. Drunken Bricklayer kubwa ni namba 9672, urefu wake kama sentimita 33. Kikiwa kifupi sana au kirefu sana, shtuka.

Kisha rangi. Ile ya chungwa inaitwa Tangerine, na iliingia mwaka 1969 pamoja na bluu ya Kingfisher na kijani cha Meadow Green. Mara nyingi rangi inakuwa ndani, na juu yake kuna tabaka la kioo cheupe kinachopitisha mwanga. Ukikitazama kwa pembeni unaliona.

Mwisho ni kitako. Chombo kilichokaa mezani miaka 50 kina mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande. Mikwaruzo ikienda upande mmoja kama imepigwa msasa, huenda mtu anataka kukupiga, maana feki zipo.

Basi jina limepatikana: Whitefriars, mchoro wa Baxter. Kesi imeisha? Bado.

Baxter alichora. Aliyepuliza ni nani? Kioo cha aina hii hakitengenezwi na mtu mmoja. Ni timu mbele ya tanuri: fundi mkuu na wasaidizi wake, mmoja anachota kioo cha moto, mwingine anapuliza, mwingine anapeleka chombo kikapoe taratibu kisipasuke. Joto lake usiombe. Katalogi zina namba, vipimo na rangi, ila hazisemi nani alisimama pale siku hiyo.

Walichoacha kimo ndani ya kioo: kiputo kimoja cha hewa, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Ndiyo maana vyombo viwili vya kalibu moja havifanani kabisa. Na uwazi ule wa ndani uliachwa na pumzi ya mtu siku ile. Mnunuzi analipa mamia ya pauni kwa ajili ya jina la Baxter, na mwenye pumzi hatajwi.

Je, nyumbani kwenu kuna kitu kizuri ambacho hakuna anayejua kilitengenezwa na nani? Kigeuze chini ukitazame vizuri, halafu tuambie hapo chini umeona nini.